Mudi Fundi Anajifunza Ukorofi

Kama hujawahi kumwona mtu akimwomba radhi mbuzi, basi hujafika Chuno, mtaa wetu wa Mtwara. Na mbuzi mwenyewe ndiye aliyekuwa na makosa. Alikuwa amekwishatafuna pindo la gauni la mteja, anaelekea kwenye mkono, Mudi fundi cherehani akainuka kitini akamwambia, "Samahani bwana, hiyo ni ya watu." Akamsukuma kwa viganja viwili, polepole, kama anamtoa mgeni aliyekosea chumba. Mtaa mzima uliona, na mtaa mzima ukasema ndizo zake hizo.

Mudi alikuwa mpole kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa sababu upole nao uwe na mwisho jamani! Mteja akirudisha suruali akisema imebana, na kila mwenye macho anaona ni yeye aliyenenepa, Mudi husema kosa ni la fundi. Bi Mwanahamisi, anayeuza ming'oko pale barazani, ile mizizi ya porini tunayoichemsha na kuila kwa mafuta na pilipili, alikuwa akisema kwamba Mudi ukimkanyaga atakuomba msamaha kwa kuweka mguu njiani. Siku moja akamkanyaga kweli, kwa bahati mbaya, na sinia lake kichwani. Mudi akasema, "Samahani, Bi Mwanahamisi." Mama wa watu alicheka mpaka ming'oko ikamwagika.

Umri wa kuoa ulikuwa umefika. Kazi alikuwa nayo, cherehani anayo, chumba anacho upande wa uani nyumbani kwa mama yake. Kilichokosekana ni mke, na mke aliyemtaka alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa wakala wa miamala ya simu, anawatolea watu fedha zao huku jicho moja liko kwenye simu yake mwenyewe. Huyo ni Nasra, binti wa Mzee Amiri.

Alasiri, wateja wakipungua, Nasra alikuwa akivuka barabara na kiti chake cha plastiki, anakaa barazani kwa Mudi pamoja na Bi Mwanahamisi na yeyote anayesubiri nguo, anawasomea hadithi. Zilikuwa hadithi za mapenzi ya vijana, zile zinazotumwa kwenye kundi la simu kipande kwa kipande, na kila kipande kinakatika pale pale roho inapotaka kutoka. Shujaa wao wakati huo aliitwa Jeideni. Jeideni alikuwa mtoto wa tajiri, tajiri wa wapi hadithi haikusema na hakuna aliyeuliza. Alivaa jaketi la ngozi hata jua likiwa utosini. Alikuwa na pikipiki kubwa na kovu juu ya nyusi. Haamkii mtu. Akiingia mahali haketi kama binadamu, anaegemea ukuta. Na akimwona Klara, binti wa watu mwenye miwani, anamwambia "sogea," anampokonya mkoba, anamwita majina, anaondoka bila kugeuka nyuma.

"Mpumbavu huyo, ningemchapa na mwiko!" Bi Mwanahamisi alikuwa akifoka. "Haya, endelea. Kamfanya nini tena?"

Nanyi msijidai. Baraza zima lilikuwa linampenda. Wanawake watu wazima, wenye waume na akili zao, Jeideni akifunga mlango kwa kishindo wao wanashika vifua. Mudi peke yake, kichwa kimeinamia cherehani, alikuwa haelewi. Yeye alimpenda Nasra kwa njia anazozijua. Alimwamkia vizuri asubuhi. Zipu ya mkoba wake ilipoharibika aliitengeneza. Jua likihama, alikuwa akivuka kwenda kumgeuzia mwavuli. Na Nasra akasema, "Asante kaka Mudi," kwa sauti ile ile anayowaambia wateja salio halitoshi.

Siku moja hadithi ilikatika Jeideni akiwa kwenye mvua, na Nasra akashusha simu, akashusha na pumzi.

"Mwanaume wa hivi yuko wapi Mtwara hii?" akasema. "Wote samahani dada, wote karibu dada. Wanaboa!"

"Yuko Mussa," akasema Bi Mwanahamisi. "Dereva wa malori ya korosho kule bandarini. Nasikia ameuliza kwenu, anataka kuleta posa. Yule haamkii mtu kabisa."

Nasra akatabasamu, akaangalia chini. Sindano ya cherehani ikapita kwenye kidole cha Mudi. Alijifunga kitambaa, akamaliza kushona kola ndani nje, maana alijua sasa kwamba akiendelea kuwa Mudi yule yule, Nasra ataolewa na lori.

Akaamua kuwa mkorofi.

Jaketi alilishona mwenyewe. Ngozi ya kweli angeipata wapi? Alikuwa na mabaki ya leza, ile leza ya makochi, ya kahawia, iliyobaki kwenye kazi ya mwenye nyumba ya wageni. Akapima, akakata, akashona, likatoka jaketi zuri wallahi, ila mgongoni palibaki kifungo kimoja cha kochi kilichozama ndani, na akitembea lilikuwa likilia kwii, kwii. Kovu alilichora kwa kalamu ya wino juu ya nyusi. Pikipiki hakuijua kuiendesha, hivyo akamwita Domingo, ndugu yake wa upande wa mama, mtoto wa wale waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, anayeendesha bodaboda hapo hapo Chuno.

"Nikupeleke wapi?" Domingo akauliza.

"Pale kwa Nasra."

Domingo akatazama barabara. Mwavuli wa Nasra ulikuwa hatua chache mbele yao. "Pale?"

"Pale. Lakini tupite mbali, tutokee kwenye kona ya msikiti, na upige resi."

"Ntu wangu," akasema Domingo, "una homa?"

Basi wakazunguka, wakatokea kwa vumbi na kelele, Mudi nyuma kamkumbatia Domingo kiunoni kwa sababu anaogopa mwendo. Akashuka. Hakuamkia. Lilimuuma kama jino, lakini hakuamkia. Kulikuwa na wateja wawili, akawapita, akaangaza macho kutafuta ukuta wa kuegemea. Ukuta haukuwepo. Kilichokuwepo ni mti wa mwavuli, akauegemea huo, na mwavuli, na meza, na Mudi, na jaketi, vyote vikaenda chini kwa pamoja.

Kutoka chini ya mwavuli ikasikika sauti ya Mudi, inatetemeka lakini imekazana, maana maneno alikuwa ameyafanyia mazoezi na hakutaka yapotee bure.

"Sogea! Wewe Nasra, kichwa chako kama kifuu kilichokataliwa na mbuzi!"

Wateja wakashika midomo. Domingo akawasha pikipiki tayari kwa kukimbia. Nasra akainua mwavuli, akamtazama pale chini, mdomo wazi. Halafu akapiga yowe la furaha lililofika sokoni.

"Baba! Baba, toka nje! Mtani wetu kafunguka mdomo!"

Hapo ndipo Mudi alipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Mtwara analijua. Yeye ni Mmakonde wa kijijini Ziwani, Nasra ni Myao, na ukoo wa mama yake Mudi na ukoo wa Mzee Amiri ni watani tangu enzi za mababu. Na mtani hakukosei. Anakutukana unacheka, unamrudishia kubwa zaidi. Anakuchukulia kuku, unamuuliza kama ana kitunguu nyumbani. Siku ya msiba wako anakuja kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka machozi yangali mashavuni. Ukikasirikia utani, aibu ni yako na ya ukoo wako. Mudi, kwa ule upole wake, alikuwa hajawahi kuutumia utani hata siku moja, kauweka kama nguo ya Idi anayoogopa itachakaa. Watu wa kuwakosea adabu walijaa Chuno nzima, bandari nzima, mpaka Msumbiji. Nyumba ambayo haikosewi ilikuwa moja tu, na ndiyo aliyoiendea.

Mzee Amiri akatoka mbio, msuli kiunoni, tumbo mbele. Alikuwa kuli wa bandarini enzi zake, sauti yake ilizoea kuita watu kutoka ndani ya meli.

"Amesema nini?"

"Kichwa changu kifuu kilichokataliwa na mbuzi!"

"Alhamdulillahi!" Mzee akamwinua Mudi, akamkung'uta vumbi kwa makofi. "Miaka yote hii nimepewa mtani jirani, na mtani mwenyewe gunia la pamba! Namtukana mama yake kwamba ni mbishi, ananiambia shikamoo! Namwambia Wamakonde mnakula panya, ananiambia karibu mzee! Leo umeamka! Na hili ni nini umevaa? Umemchuna kochi gani?"

Maskini Mudi! Alikuwa amekuja kuteka moyo wa binti, kapewa chai na mkate wa mchele.

Hakukata tamaa, nampa hongera kwa hilo. Alifikiri labda ukorofi wake ulikuwa mdogo. Kesho yake akaingia uani kwa Mzee Amiri bila hodi, akakamata jogoo, jogoo mkubwa mwekundu anayeringa, akatoka naye kwapani. Mzee akamwona. "Mtani kachukua jogoo!" akapiga kelele kwa fahari, majirani wakatoka kutazama, na mke wake akamkimbilia Mudi na mfuko wa mchele wa kumsindikiza. Akajaribu kumkatia Mzee maneno katikati ya mazungumzo. Mzee akaita watu waje wasikie. Akamwambia, "Babu zenu Wayao walitembea kutoka bara na mizigo kichwani, mkafika pwani mmechoka, mpaka leo mnapumzika!" Mzee akakaa chini kwa kicheko, akaomba arudie, jirani fulani hakusikia vizuri.

Na mtaa mwingine je, si angewakorofisha hao? Alijaribu. Alimpita Bi Mwanahamisi asubuhi bila kumwamkia, kichwa juu, jaketi linalia kwii, kwii. Alifika kwenye cherehani, akashindwa kutunga uzi. Akarudi akamwamkia, na baada ya kufika kwenye cherehani akarudi tena, akamwamkia mara ya pili, ya fidia.

Ajabu ni kwamba ule utani ulianza kumkolea. Kumbe ndani ya gunia la pamba mlikuwa na maneno! Asubuhi Nasra akifungua mwavuli, Mudi humpigia kelele kutoka ng'ambo, "Funga, funga, jua limekuona limeghairi!" Nasra naye, hana dogo, "Wewe uliyezaliwa ukamwomba mkunga samahani!" Wateja wakawa wanachelewa kwa makusudi wapate kusikia. Alasiri hadithi ilikuwa ikisomwa bado, lakini katikati ya Jeideni Nasra alikuwa akiacha kusoma, anamtupia Mudi neno, anajibiwa, anacheka mpaka anapoteza mstari. Jina la kaka likafa. Akawa mtani.

Mtani! Ungemwona Mudi jioni akikunja kazi zake, ungemhurumia. Mtani ni mtu unayecheka naye, halafu unakwenda kuolewa na mwingine, naye anakuja harusini kuiba sufuria la pilau. Alikuwa ameng'ang'ania mlango akidhani anaingia ndani, kumbe amefika barazani tu.

Na posa ya Mussa ikafika kweli. Washenga waliahidi kuja Jumapili asubuhi. Jumamosi Mzee Amiri akavuka barabara, akaegemea cherehani ya Mudi, uso haukuwa wa utani.

"Sikiliza mtani. Yule kijana simpendi. Nimekutana naye bandarini nikamsalimia, akanitazama kama nimemwomba lifti. Lakini huyu binti kila siku na simu yake, Jeideni hivi, Jeideni vile. Nikikataa atasema baba mkali. Kesho njoo uzuie mlango, ndiyo haki yenu. Wafanyie fujo mpaka wachoke."

"Sawa, mzee," akasema Mudi.

Jumapili uwanja ulijaa. Mikeka ilitandikwa, Bi Mwanahamisi kaleta sinia la ming'oko kama mchango wake, Domingo kakaa juu ya pikipiki yake kwenye lango. Mudi alisimama mlangoni na jaketi lake la kochi, ameshika mwiko mkubwa mkononi kama watani wafanyavyo, jasho linamchuruzika mpaka lile kovu la wino limeteremka shavuni.

Washenga walikuja, wazee wawili wenye kofia na heshima zao. Na nyuma yao, haya sasa, akaja Mussa mwenyewe. Tangu lini mposaji anakuja kwenye posa yake? Pikipiki kubwa. Miwani myeusi. Jaketi la ngozi, ya ng'ombe kweli. Hakuamkia mtu. Hakuketi mkekani. Akaegemea ukuta wa nyumba, simu sikioni, mguu mmoja kaukunja nyuma akiacha alama ya kiatu kwenye chokaa mpya ya Mzee Amiri.

"Jeideni huyo!" Bi Mwanahamisi akanong'ona, kakaza macho. "Jeideni mtupu!"

Pazia la dirishani likatikisika. Mudi akaliona, akajua Nasra yupo dirishani anatazama, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye kandambili.

Mzee Amiri akamsalimia mgeni. Mussa akainua kidole kimoja, subiri, akaendelea na simu. Bi Mwanahamisi akajisogeza na sinia, karibu mwanangu. Mussa akaweka kiganja kwenye simu, akasema, "Wewe mama wa mizizi, sogeza uchafu wako huko, nitachafua viatu." Kwenye simu ya Nasra baraza zima lingeshika vifua. Pale uwanjani hakuna aliyecheka. Bi Mwanahamisi alirudi kinyumenyume na sinia lake, akakaa, akawa anapanga ming'oko ambayo ilikuwa imepangika tayari.

"Jamani tuingie ndani tuzungumze," akasema mshenga mmoja kwa haraka ya aibu, akausogelea mlango. Mudi akauzuia kwa mwiko.

"Hampiti."

Watu wakachangamka, haya, watani wameanza! Mshenga akatabasamu, alijua mila. "Mtani unataka nini? Nazi? Kuku?"

"Sitaki kuku. Kuku ninaye."

"Unataka nini basi?"

Mudi alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, ya kuchekesha, kuhusu malori na miguu ya Mussa. Akafungua mdomo, yakakataa. Akamtazama Bi Mwanahamisi na ming'oko yake. Akasema lililokuwepo.

"Nasra nampenda mimi."

Kicheko! Uwanja ulipasuka. Vigelegele, makofi, mtu akaanguka mkekani. Mzee Amiri alijipiga mapaja, "Kawaweza! Mtani kawaweza!" Hata washenga walicheka. Mudi akasubiri, akasema tena kwa nguvu, "Nampenda kweli!" na hapo wakacheka zaidi, maana hakuna utani mtamu kama ule anaousema mtani bila kutabasamu. Machozi yakamtoka Mudi. Wakamsifu kwa kuweza mpaka kulia.

"Wallahi," akasema Mudi. "Wallahi billahi, nampenda Nasra, na sitanii."

Kicheko kikakatika. Maana watani huchezea kila kitu, huchezea mama, huchezea jeneza, lakini jina la Mungu hawalichezei. Watu wakatazamana. Jaketi likalia kwii.

Mussa peke yake hakusikia kitu. "Bado hamjamaliza?" akawauliza washenga, simu ingali sikioni. "Malizaneni na huyo chizi, mimi nina gari bandarini." Akapanda pikipiki yake akaondoka. Mshenga mkubwa akamtazama akiishilia kwenye kona, akavua kofia, akamwambia Mzee Amiri, "Tusamehe sana. Mtoto wa ndugu, tumelazimishwa." Wakaaga kwa heshima, wakaenda zao.

Pazia la mlango likafunguka, Nasra akatoka. Hakuwa na simu mkononi, na hilo peke yake lilitutisha.

"Wewe," akamwambia Mudi. "Hilo jaketi ulilivaa kwa ajili yangu?"

"Ndiyo. Samahani."

"Usiombe samahani! Ulidhani nampenda Jeideni kwa jaketi?"

"Na pikipiki," akasema Mudi. "Na ukuta."

"Jamani huyu!" Nasra akajishika kichwa. "Jeideni anatukana dunia nzima, lakini kuna ile sehemu, siku ya mvua, anamvulia Klara jaketi lake. Yeye tu. Ile sehemu ndiyo ninayoisubiri, hizo kelele nyingine navumilia. Klara anajua ni yeye peke yake. Wewe ulinigeuzia mwavuli, mbuzi ukamsemesha kwa adabu, Bi Mwanahamisi ukamwomba radhi kakukanyaga yeye. Sasa mimi ningejuaje? Nilidhani mimi ni kama mbuzi!"

"Na sasa?"

Nasra akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sasa siku zote hizi unawaamkia watu wote wa Chuno kama unaingia msikitini, halafu ukiniona mimi unaniita kifuu. Mimi tu. Nimeshaanza kukosa usingizi kwa hilo neno kifuu, mjinga wewe. Na hadithi siku hizi naisoma ili niwe na sababu ya kuvuka barabara."

Bi Mwanahamisi akapiga kigelegele kilichowastua kuku. Watu wakageuka kumtazama Mzee Amiri, maana neno la mwisho ni lake. Na Mzee alikuwa amenuna.

"Sikubali," akasema.

"Baba!"

"Sikubali! Mkwe anaheshimiwa. Mkwe huwezi kumwambia anakula panya. Nimekaa na huyu bubu miaka na miaka, juzi juzi tu kafungua mdomo, nikafurahi na uzee wangu, leo mnaniambia nimwite mkwe? Ataniamkia, nitamwitikia, basi! Nitamtukana nani mimi?" Sauti ya kuli mzima ikakatika kama ya mtoto. Na hakuwa anatania, jamani. Yule mzee alikuwa anaumia kweli.

Mudi akapiga magoti mbele yake. "Mzee, nitakuachia Domingo."

"Domingo gani?"

"Huyo hapo langoni. Mmakonde mwenzangu, ukoo mmoja kwa mama. Hajakuposea mtu."

Mzee Amiri akamtazama Domingo kuanzia viatu. Domingo, juu ya pikipiki yake, naye akamtazama Mzee, akamtazama tena tumboni, akatafuna njiti yake taratibu.

"Ntani," akasema, "ulipostaafu bandarini, na tumbo hilo, walipunguza ntu au walipunguza meli?"

Mzee Amiri akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mchukueni binti," akasema, na akacheka mpaka wakamletea maji.

Walioana korosho zilipoanza tena kuanguka. Siku ya nikaha Mudi alimwamkia mkwe wake akiwa ameinamisha kichwa, na Mzee akamwitikia ameuma midomo, anatoka jasho kwa adabu, halafu akakimbilia nje kumtafuta Domingo. Lile jaketi Nasra alilifumua. Likawa mto wa kochi, na kile kifungo kikakaa pale pale katikati.

Majuzi alikuja Mwalimu Agnes, aliyehamishiwa Mtwara karibuni, mgeni wa watu hajui lolote. Alikuwa chini ya mwavuli wa Nasra anasubiri muamala, mara ikasikika sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "We Nasra! Punguza kucheka, meno yako yanawatisha wateja, wanadhani ni geti!"

"Na wewe kashone mdomo wako, uzi si unao?" Nasra akajibu bila kuinua macho.

Mwalimu akashtuka. "Yule nani?"

"Mume wangu."

"Pole jamani. Ndivyo anavyowasemesha watu?"

Nasra akageuka kutazama, na Mwalimu akatazama pia. Mbuzi alikuwa amerudi barazani, safari hii na nusu ya leso ya Bi Mwanahamisi mdomoni, na Mudi alikuwa amechuchumaa mbele yake, mkono kifuani, anamwomba samahani.

"Hapana mwalimu," akasema Nasra, na uso wote ukamchanua. "Ni mimi tu."